Ijumaa za Sur

Yaqoub bin Thani anafundisha watu kuendesha gari mjini Ibra, na kwa miaka kumi na tisa hajampigia mwanafunzi kelele hata siku moja. Mtu akirudi nyuma akaliangusha pipa la mtihani, yeye husema, "Haraka haraka haina baraka. Toka, tuanze tena." Ana miaka arubaini na mitatu. Kanzu zake zote zimepauka bega la kulia, kwa sababu mwalimu hukaa upande ule na jua la mkoa wa Sharqiya halina adabu. Kutwa nzima yumo garini na watu wasiomjua, wanaomwogopa kidogo, na wakishapata leseni hawampigii tena simu. Jioni hurudi kwenye nyumba yenye vyumba vinne na mtu mmoja.

Aliwahi kuwa na mke. Hajar ni mwalimu wa skuli, binti wa watu wa Aija, mtaa ulio ng'ambo ya khori, mkono wa bahari wa mji wa Sur, watu ambao babu zao walikuwa manahodha na wajukuu zao sasa wana maduka ya vipuri. Waliachana mtoto wao Wiam akiwa na miaka mitatu. Ukiuliza sababu utaambiwa mengi, maana watu hawapendi sababu ndogo. Ukweli ni kwamba Hajar hakutaka kumwacha mama yake Sur, Yaqoub hakutaka kumwacha mama yake Ibra, na ndoa ikawa inalala barabarani. Siku moja wakachoka wote wawili. Hapakuwa na matusi, na labda ndiyo maana hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha.

Mtoto wa kike hukaa na mama yake, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kila wiki ya pili, tangu Alkhamisi jioni mpaka Jumamosi, Wiam alikuja kulala Ibra, kwa kuwa Ibra alikuwapo bibi yake, Bi Mahbouba, mzaliwa wa Unguja, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kupika. Ndivyo walivyoandikiana: mtoto atalala kwa bibi yake mzaa baba. Yaqoub alikuwa akisema kwa fahari, "Mwanangu yuko kwangu wikendi hii," na hakuna aliyemkosoa.

Bi Mahbouba akafa mwezi wa Rajab, mwaka jana. Hajar na mama yake walikuja kwenye tanga, wakalia kilio cha kweli. Msiba ulipopoa, Shihab, kaka yake Hajar, akampigia Yaqoub simu. Alizungumza kwa heshima zote.

"Abu Wiam, nyumba sasa haina mwanamke. Mtoto wa kike hawezi kulala."

Yaqoub hakubisha. Lau yeye ndiye angekuwa mjomba, angesema lile lile. Basi wakakubaliana kwamba, mpaka Mungu alete njia, atakuwa anakwenda Sur kila Ijumaa, anamchukua Wiam baada ya sala ya Ijumaa, anamrudisha magharibi. Watu wa Ibra waliona njia wanaijua. Majirani walimtajia wanawake watatu kwa mwezi mmoja, mmoja wao akiwa na gari lake mwenyewe. Yaqoub alijibu kila mara, "Mwaka kesho, inshallah," kama mtu anayeombwa kulipaka rangi geti.

Ndipo zikaanza Ijumaa za Sur. Zilidumu miezi kumi. Saa mbili kasoro kwenda, saa mbili kasoro kurudi, na katikati saa tano au sita za baba na mwana wasio na pa kukaa. Kwa kina Hajar asingeweza kuingia. Hoteli ni gharama na maneno. Pwani jua linachoma, na kwenye jumba la maduka ukishazunguka mara mbili mlinzi anaanza kukuangalia. Basi walikaa garini. Yaqoub aliegesha kwenye kivuli cha ukuta mmoja karibu na bahari, akaacha kipoza hewa kikivuma, na Wiam akahamia kiti cha mbele, akavua viatu, akakunja miguu, akaanza kusema, Kiarabu na Kiswahili chake cha mapengo.

Alikuwa na maneno mtoto yule! Yaqoub alimjua kama mtoto mkimya, na kumbe hakuwahi kukaa naye akamsikiliza. Aliambiwa habari za Alya, rafiki yake wa skuli, aliyemeza kifutio. Aliambiwa kwamba mapulizo ya sherehe yanamtisha, si kwa mlio wa kupasuka, bali kwa kungojea mlio. Aliambiwa kwamba nyanya haziliki. Miaka minne alikuwa akimnunulia sendwichi ya nyanya na mtoto akaila kwa kumwonea haya. Walikula mishikaki ya mkokoteni, wakafutia mikono karatasi za mitihani ya zamani. Alimfundisha alama za barabarani, naye Wiam akamfundisha kumfunga nywele: kwanza ovyo, halafu afadhali, halafu vizuri hata Hajar akauliza nani kamfunga.

Siku moja jino likang'oka. Wiam akataka lirushwe juani, kama wafanyavyo watoto wa Sur, wakiliomba jua liwape jino la swala. Yaqoub akasema kwao Unguja jino hutupwa juu ya paa la nyumba. Nyumba hapakuwa. Wakashauriana, wakalitupa juu ya paa la gari, kisha wakacheka mpaka mpita njia mmoja akageuka. Jino lilidondoka wapi kati ya Sur na Ibra, anajua Mungu.

Yaqoub alikuwa akirudi Ibra magharibi anajisikia mnyonge. Aliiona miezi ile kama aibu. Mwanamume mzima, mwenye nyumba ya vyumba vinne, anamlea mtoto kwenye gari kama mtu aliyehamishwa! Kila Ijumaa alijiambia kwamba huku si kulea, ni kupoteza wakati tu, na kwamba siku Wiam atakapolala tena Ibra ndipo atakuwa baba tena. Hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote duniani.

Shida kubwa kupita zote ilikuwa choo. Wiam ana miaka saba, hawezi kuingia choo cha wanaume, na Yaqoub hawezi kuingia cha wanawake. Alikuwa akisimama mlangoni anangojea apite mwanamke mtu mzima mwenye sura ya huruma, amwombe, "Mama, samahani, niingizie binti yangu." Wengi walikubali. Wengine walimtazama kwanza, wakamtazama na mtoto, na Yaqoub alitamani ardhi ipasuke. Ijumaa moja mwezi wa Septemba, joto lingali digrii arubaini na mbili, walikuta choo kimefungwa kwa matengenezo. Wakakimbilia cha msikiti, upande wa wanawake una kufuli. Wakakimbilia mkahawa, kuna foleni. Wiam alisimama katikati ya mlango wa mkahawa, na kanzu yake nyepesi ikaanza kubadilika rangi. Hakulia. Alisema tu, "Baba, twende nyumbani," na hakumaanisha Ibra.

Alimrudisha saa tisa, kabla ya wakati. Hajar alifungua geti, akaitazama nguo ya mtoto, akamtazama Yaqoub, akamshika mtoto mkono akamwingiza ndani. Lau angesema neno, Yaqoub angepata la kujibu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alikuwa Nizwa sebuleni kwa Bi Ghaniya, mdogo wake marehemu mama yake. Bi Ghaniya ni mjane, anakaa kwa mwanawe Maen, na Kiswahili chake ni kile alichotoka nacho Malindi ya Unguja akiwa msichana, hakijapungua wala kuongezeka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Ndiyo maana." Akamsukumia kahawa na halwa. "Haya, sema. Hukuja Nizwa kunitazama uso."

Yaqoub akasema yote, mpaka la mkahawani. Bi Ghaniya alisikiliza akiwa ameuma pembe ya mtandio, na machozi yakamtoka, maana ana moyo laini nyuma ya maneno yake.

"Masikini mjukuu wangu, kuadhirika mbele za watu! Nitakuja. Kila wiki ya pili Maen atanileta kwa njia ya Sinaw, nilale mpaka Jumamosi. Lakini sikiliza, Yaqoub. Mie nikiingia nyumba ile, mambo ya mtoto ni yangu. Mtoto wa kike halelewi na mwanamume. Wewe kazi yako soko na gari. Tumesikizana?"

"Tumesikizana," akajibu Yaqoub, akambusu mkono. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimshukuru Mungu kwa sauti.

Wiki mbili baadaye walikutana Sur, kwenye kamati ya sulhu: Yaqoub, Hajar, Shihab, na karani mzee mwenye miwani kwenye paji la uso. Shihab alisema hawana kinyongo. Bi Ghaniya wanamjua, nyumba sasa ina mwanamke, mtoto alale. Ila mtoto si mzigo wa kusafirishwa kila siku. Ama baba aje Sur kila Ijumaa kama sasa, ama mtoto alale Ibra kila wiki ya pili. Yote mawili hapana, mpaka mwaka wa skuli uishe, kisha watazame tena.

Karani akashusha miwani. "Abu Wiam, wewe unachagua—"

"Kulala," akasema Yaqoub.

Mwalimu wa haraka haraka haina baraka huyo! Hakumwacha mzee hata amalize swali. Hajar, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa amezungumza naye ila salamu, aliinua uso. Kwa Kiarabu cha kwao cha Sur, taratibu, akamwuliza, "Yaqoub, umemwuliza Wiam?"

"Mtoto anajua nini?" akajibu.

Akapiga saini. Wahenga walikwisha kusema, usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwapo ofisini siku ile, na kalamu ilikuwa karibu.

Alkhamisi ya kwanza Yaqoub aliisafisha nyumba mpaka vizingiti. Alinunua shuka mpya zenye maua, samaki wa nguru, maziwa, tende za khalas, na kila kitu kisicho na nyanya. Bi Ghaniya akafika alasiri na mikoba mitatu na ndoo ya unga wa vitumbua. Jioni Yaqoub akamleta Wiam kutoka Sur, na alipozima gari uani alikuwa na furaha hata akasahau kufungua mlango wa nyuma.

"Njoo, bibi yako nikuone!" akaita Bi Ghaniya kutoka barazani. Wiam akakimbia, mtandio ukamfunika, mlango ukafungwa.

Yaqoub alileta mabegi, akayaweka ukumbini. Akasikia maji ya kuoga. Akasikia kicheko. Akasikia Bi Ghaniya akiuliza, "Nani kakufunga nywele namna hii?" na Wiam akajibu, "Baba," na Bi Ghaniya akasema, "Baba yako na nywele wapi na wapi? Kaa hapa nikutie mafuta." Chakula kililetwa kwenye majlisi, chumba cha wageni wanaume, sahani ya mtu mmoja, kwa sababu wanawake wawili wa jirani walikuwa wamekuja kumwamkia mgeni, na wamekaa ndani. Wiam ndiye aliyebeba chai. Alikuwa ametiwa hina, anatembea vidole vimetengana, kikombe kimeshikwa kwa viganja.

"Shikamoo, Baba. Bibi anasema utaka sukari?"

"Marahaba. Sitaki. Kaa kidogo."

"Bibi ananingojea," akasema, akatoka.

Ijumaa ilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi walikaanga vitumbua, mchana wakashona nguo ya mwanasesere, alasiri wageni wakaja tena, na kila mgeni alimsifu Wiam mashallah. Yaqoub alitumwa sokoni mara mbili na kwa mwoka mikate mara moja. Usiku Wiam alilala kwa Bi Ghaniya, kwenye shuka za maua. Yaqoub alipita ukumbini, akasimama mbele ya mlango, akasikia hadithi ya sungura ikisimuliwa kwa Kiswahili cha Malindi. Akarudi majlisini kwake, akakaa kwenye godoro, na hapo ndipo lilipomjia.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Katika miaka ile mitatu ya mama yake, alipokuwa akisema mwanangu yuko kwangu, mtoto alikuwa kwa Bi Mahbouba. Yeye alikuwa dereva na mnunuzi. Hakumlisha, hakumfunga nywele, hakujua habari za nyanya. Miezi kumi tu ndiyo aliyowahi kuwa baba wa mtoto yule, ndani ya gari la kufundishia, kando ya ukuta, na ile miezi kumi ndiyo aliyoiuza. Mtoto alikuwa amelala hatua kumi kutoka alipokaa, na hakuwahi kuwa mbali naye kama usiku ule. Alilia Yaqoub. Alijifuta kwa mkono wa kanzu, akatazama mlango asije akaonwa.

Hakuna aliyekosea, na ndiyo ilikuwa taabu yake. Bi Ghaniya alikuwa akisafiri na magoti yake mabovu kwa mapenzi. Wiam alikuwa safi, ameshiba, amejua kusonga unga. Utamshitaki nani?

Safari ya tatu alijaribu. Ijumaa baada ya sala alikohoa barazani, akasema, "Mama mdogo, nilitaka kutoka kidogo na Wiam."

"Kwenda wapi?"

Yaqoub akafikiri. Hakuwa na pa kwenda. "Kukaa kwenye gari," lilimjia kinywani, akalimeza.

"Kutembea tu."

"Na jua hili? Mtoto wa kike katulia nyumbani kwao, ana bibi yake, ana heshima yake, wewe wataka kumtembeza mabarabarani kama mwuza karanga! Hebu niache, mwanangu. Nenda kalete barafu."

Nyuma ya bega la Bi Ghaniya alimwona Wiam. Alikuwa amesimama na mikono yenye unga, anamtazama. Yaqoub angeweza kusema, mama mdogo, niachie. Alikuwa akibishana na watu kumi na tisa kwa mwezi kuhusu breki na kioo cha kando, angeshindwaje na maneno matatu? Lakini ni neno gani utamwambia mwanamke aliyekulia na mama yako, anayekulindia mwanao, uliyemwomba mwenyewe kwa kubusu mkono? Akaenda kuleta barafu.

Kesho yake Jumamosi, alasiri, alimrudisha Wiam Sur. Alikuwa na saa mbili kasoro, akazirefusha. Yeye anayewaambia wanafunzi kwamba kwenda polepole mno nako ni kosa, alikwenda themanini kwenye barabara ya mia na ishirini, na malori yakampigia honi. Alimtazama mtoto kwa kioo. Alitaka kumwuliza habari za Alya, za skuli, za kitu chochote. Wiam alikuwa amechoka na wageni na unga na hadithi. Kabla ya kufika mji wa Al Kamil wal Wafi alikuwa amelala, kichwa kwenye dirisha, na Yaqoub akaendesha njia yote iliyobaki asiwashe hata redio.

Aija, mbele ya geti, Wiam akaamka. Hajar alitoka kumpokea begi. Wiam hakushuka upesi. Alipita katikati ya viti, akakaa kiti cha mbele, akavua viatu.

"Baba, Ijumaa hii utakuja?"

"Ijumaa hii si yangu, mama."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

"Mama Ijumaa sahihisha madaftari," akasema Wiam kwa kile Kiswahili chake cha mapengo.

Hajar hakijui Kiswahili, lakini alisikia neno Ijumaa, akaelewa yote. Akakitazama kile kiti, akaitazama ile miguu iliyokunjwa. "Karatasi ni karatasi, Yaqoub," akasema, na sauti haikuwa ya ushindi. "Mimi nimeshamwambia Shihab. Anasema mpaka mwaka uishe."

"Ni sawa," akajibu Yaqoub. "Nilichagua mimi."

Wiam akaanza kuvaa viatu, kimoja, kisha cha pili, taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika.

"Wewe Ijumaa unafanya nini Baba, peke yako?"

"Nakaa tu."

Akafikiri. Akafungua mlango.

"Na mimi nakaa tu," akasema, akashuka, akaingia kwao.